Majani mekundu milima ya Irangi mwezi wa tisa: ni ukame, ni mapukutiko, au nini? Na tupande wapi?

#1 Kipara cha Mlima
Wakuu, salaam. Kuna picha inazunguka ya milima ya juu ya barabara ya Kondoa kwenda Babati. Majani mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine ya chungwa, na kila anayeituma anaandika "Vermont ya Tanzania", yaani lile jimbo la Marekani linalosifika kwa majani mekundu kabla ya baridi. Dai langu ni kwamba hakuna maajabu hapo: ardhi imekauka, mti una kiu, jani linabadilika rangi kabla ya kudondoka, basi. Anayepinga aseme kwa hoja. La pili ni la vitendo: watu sita, kutoka Dodoma mjini, siku mbili. Wapi, na lini?

#2 Ticha wa Mimea
Umelishika jani kichwa chini, mkuu. Yale majani hayafi, yanazaliwa. Miti ya miombo hupukutisha majani makavu kati ya Julai na Agosti, inakaa uchi kwa muda mfupi, halafu kuanzia mwishoni mwa Agosti mpaka katikati ya Oktoba inachipua upya, na machipukizi hutoka mekundu. Ukitaka kuhakikisha, kuligusa kunatosha. Jani linalokufa ni kavu, linakatika kwenye kikonyo kwa kuguswa tu. Hili la Septemba ni laini kama kitambaa, linaning'inia, linang'aa kana kwamba limepakwa mafuta.

Vermont, na Kyoto ya Japani, ni kinyume chake. Kule mti unavunja klorofili ili urudishe virutubisho shinani kabla ya baridi. Njano iliyokuwa imefichwa chini ya kijani inaonekana, hiyo ni karotenoidi. Nyekundu ya mimepo (miti ya maple), yaani anthosianini, inatengenezwa upya mwishoni mwishoni, hasa usiku ukiwa baridi na mchana jua kali. Kwa hiyo rangi inafanana na kemikali ni ileile. Tofauti ni kwamba kule ni kwaheri, huku ni hodi.

#3 Mchungaji wa Mawe
Ticha kamaliza. Naongeza miti ipi. Kilimani Irangi ni Brachystegia, ndiyo miombo kwa jina la kitaalamu, za aina zaidi ya moja: spiciformis, ambayo Wanyamwezi huiita mtundu, na microphylla yenye vijani vidogo vidogo, hiyo inapenda majabali na ndiyo inayowaka kuliko zote. Ipo pia Julbernardia globiflora, lakini rangi yake imepoa zaidi. Aliyeona mlima mzima mwekundu ameona microphylla.

#4 Sauti ya Mpwapwa
Na vilima vya mawe vya hapa Dodoma mjini? Kwa nini mtu achome mafuta mpaka Kondoa?

#5 Mchungaji wa Mawe
#4 Hapo mjini ni migunga, mibuyu na vichaka vya Commiphora. Hawa hungoja mvua. Septemba utaona kijivu na vumbi. Tena usimpeleke mtu Itigi akitafuta rangi: kile ni kichaka kizito, kikavu, kinapukutisha kimyakimya, na ukiingia bila panga hutoki na shati.

#6 Kipara cha Mlima
Nakubali nimepinduka. Ila sasa swali limekuwa gumu zaidi. Mvua Dodoma inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Mti unapata wapi maji ya kuchipua mwezi wa tisa, wiki nane kabla ya tone la kwanza?

#7 Bi. Kamusi
Kabla hamjajibu, naomba tuache kuiita hii "vuli", nimeiona kwenye zile picha. Vuli ni MVUA, za Oktoba hadi Desemba, za pwani na kaskazini. Vitabu vya shule vilipotafuta jina la majira ya Ulaya ya majani kudondoka vikalibandika hapo, na watoto wetu wanakariri misimu minne ambayo haipo. Sisi wa Dodoma hata hiyo vuli yenyewe hatuna. Mvua yetu ni msimu mmoja mpaka Aprili, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, imekwisha hiyo.

#8 Nahodha Bara
Tuseme demani basi.

#9 Bi. Kamusi
Demani ni ya mabaharia, kusi inapolegea. Mtu wa Mvumi na demani wapi na wapi? Wanaosema "majira ya mapukutiko" angalau wamesema kinachotokea. Ila kwa alichoeleza ticha, hii yetu si mapukutiko hata kidogo. Ni machipuko.

#10 Ticha wa Mimea
Asante Bi. Kamusi. Kurudi #6: maji yapo, ila hayapo unapoyatafuta. Mizizi ya miombo inashuka mita nyingi, inafika kwenye udongo wenye unyevu uliobaki tangu Machi. Mti ukiwa na majani unapoteza maji mengi mchana. Ukishayaangusha, upotevu unakoma, shina linajijaza upya kama tangi, na likijaa vya kutosha vichipukizi vinafunguka. Kwa maneno mengine, kupukutisha ndiko kunakolipia kuchipua.

#11 Mkulima wa Zabibu
Hiyo inaeleza uwezo, haielezi saa. Nani anauambia mti kwamba sasa ni Septemba? Mimi nasema joto. Juni na Julai huku usiku ni baridi, halafu Septemba joto linapanda ghafla, Oktoba mchana inapita nyuzi 30. Mzabibu unaukata ndipo unachipua, miombo inakatwa na baridi.

#12 Digrii Sita Kusini
Siyo urefu wa mchana?

#13 Mkulima wa Zabibu
Mchana wa Dodoma unatofautiana dakika 40 tu hivi kati ya Juni na Desemba. Mti gani utahesabu dakika 40 zilizogawanywa miezi sita?

#14 Digrii Sita Kusini
Mti haukosi kazi ya kufanya usiku, mkuu. Ipo miti ya tropiki inayoitikia mabadiliko madogo kuliko hayo. Na joto lako lina tatizo: mwaka mmoja Septemba ni ya upepo na ubaridi, mwaka mwingine ni tanuri, lakini milima haipishani kwa zaidi ya wiki mbili tatu. Kitu kinachoshika tarehe namna hiyo kinafanana zaidi na jua kuliko na hali ya hewa.

#15 Mzee wa Mizinga
Mnasahau moto. Sehemu iliyopita moto wa mapema, mwezi wa sita au wa saba, inachipua kwanza na inapendeza zaidi. Sehemu iliyochomwa Septemba mwishoni imekwisha: machipukizi yanaungua, mti unaanza upya kwa akiba iliyobaki, na maua ya nyuki yanapotea mwaka huo. Ndiyo maana mlima mmoja una mabaka: upande huu mwekundu, upande ule mweusi.

#16 Ticha wa Mimea
Mzee, la moto wa kuchelewa ni kweli tupu. La moto wa mapema nina shaka nalo. Palipoungua hakuna nyasi ndefu wala majani makavu yanayoficha, kwa hiyo rangi INAONEKANA zaidi. Na misitu ambayo haijaguswa na moto huchipua nyekundu vilevile.

#17 Mzee wa Mizinga
Inaonekana kwa macho, ticha, na macho ndiyo watu wanakwenda nayo huko.

#18 Lenzi Moja
😂😂 Hapo mzee kashinda.

Kwa wapiga picha, jani hili lipigwe kwa mwanga unaotoka nyuma yake. Ukisimama na jua mgongoni utapata kahawia iliyofifia. Geuka, jani liwe kati yako na jua, linakuwa kioo cha kanisa. Saa 12:30 mpaka saa 3 asubuhi, au saa 10:30 jioni hadi jua linapozama, kama saa 12:30. Mchana kati achana nayo: vumbi na moshi wa mioto vinafanya milima ya mbali iwe ya maziwa. Kwenye simu, gusa sehemu yenye rangi, shikilia mpaka mwanga ufungwe, kisha ushushe kidogo. Kama kamera ina mpangilio wa rangi ya mwanga, weka alama ya jua, usiache ijichagulie, maana itadhani wekundu ni kosa na kuusafisha. Filta ya polaraiza inaondoa mng'ao wa ule mfano wa mafuta aliosema ticha. Ila usiizungushe hadi mwisho, anga inakuwa na doa jeusi.

#19 Kipara cha Mlima
Shukrani. Bado wapi na lini.

#20 Binti Bereko
Lini: lenga wiki ya mwisho ya Septemba mpaka ya pili ya Oktoba. Mti mmoja unatoka nyekundu hadi kijani ndani ya wiki mbili au tatu hivi, ila miti haianzi siku moja, kwa hiyo mlima mzima unakupa kama mwezi. Piga simu kwa mtu wa huko kabla ya kukodi gari, usitegemee picha ya mwaka jana.

Wapi: nina mbili. Ya kwanza ni Kolo, karibu kilomita 180 kutoka Dodoma, lami yote. Pale Kolo kuna ofisi ya Mambo ya Kale, ndipo unapojiandikisha, unalipa na kupewa mwongozaji, huendi peke yako. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006. Kutoka ofisini hadi chini ya kilima cha Mongomi ni kama kilomita 10 za vumbi, gari liwe limeinuka, taksi ndogo inakwama kwenye mchanga wa korongo. Kupanda kwenyewe ni kufupi lakini kumesimama, mawe matupu. Juu unaona bonde lote la chini na rangi kwenye miteremko. Michoro usiiguse wala usiimwagie maji ili "ing'ae", maji yanaimaliza.

Ya pili ni msitu wa Bereko, mbele zaidi kuelekea Babati, juu kuliko Kondoa mjini na kuna ubaridi. Barabara inapita katikati ya miombo, kwa hiyo hata mwenye magoti mabovu anaona akiwa kwenye kiti. Ukitaka kuingia ndani kwa miguu, uliza kwanza ni hifadhi ya serikali au ya kijiji. Ya serikali kibali kinatoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu, ya kijiji unapita kwa mtendaji wa kijiji husika. Usiruke hatua hii, mgeni mwenye kamera porini bila kujitambulisha anadhaniwa anatafuta madini.

#21 Sauti ya Mpwapwa
Na Hanang? Si ndio mlima mrefu wa karibu?

#22 Mchungaji wa Mawe
Mrefu ndiyo, mita 3,400 na ushee. Lakini mnatafuta rangi. Msitu wa Hanang ni wa kijani mwaka mzima, juu yake ni vichaka vya baridi na nyasi. Miombo haimo huko juu. Tena kupanda na kushuka kwa siku moja kutoka Katesh ni saa 10 hadi 12, siyo matembezi ya familia. Na baada ya maporomoko ya Desemba 3, 2023 usitumie maelezo ya zamani ya njia, uliza Katesh kwenyewe. Usiende kabisa wakati wa mvua.

#23 Sauti ya Mpwapwa
Sawa. Naona Mpwapwa yangu hamjaitaja kwa makusudi.

#24 Binti Bereko
Taja wewe kaka, nani kakufunga mdomo?

#25 Sauti ya Mpwapwa
Kiboriani, juu ya mji. Miombo ya chini inageuka rangi, juu kuna msitu wa kijani, kwa hiyo ukisimama mjini asubuhi unaona mistari miwili. Nimemaliza.

#26 Daktari wa Njiani
Naona rangi na kamera, sijaona maji. Kila mtu lita 4 kwa matembezi ya saa sita katika joto la Oktoba, na usihesabu kisima chochote juu ya mlima mwezi huo. Pakiti ya ORS inaingia kwenye lita 1 kamili, siyo kwenye chupa ya nusu lita. Hamna pakiti? Vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita 1, vijiko vya kusawazishwa, visiwe vya mlima. Mtu akiacha kutoka jasho na akaanza kuongea ovyo, hapo safari imekwisha: kivuli, mmwagie maji mwilini, pepea, teremka naye.

Upupu! Miezi hii maganda yamekauka na vinyweleo vinapeperuka na upepo. Ukikupata usijikune wala usisugue kwa nguo. Paka tope zito, liache likauke, libandue, ndipo uoge. Nguo zioshwe mbali na za wengine.

#27 Mzee wa Mizinga
Na nyuki. Miombo ikishachipua inafuatisha maua, mizinga ina kelele. Usipake manukato, usipite chini ya mzinga uliotundikwa, usirushe jiwe "kuona kama wamo". Wamo. Wakikufuata funika uso kwa shati na ukimbie moja kwa moja, usizungukezunguke, ingia kwenye gari au kichaka kizito. Mwiba uparue kwa ukucha haraka, kuchelewa ndiko kunakoingiza sumu zaidi.

Mbung'o wapo sehemu zenye wanyama. Wanapenda bluu na nyeusi, hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwa hiyo jinzi ya bluu iache Dodoma.

#28 Goti la Kushoto
Kuna jambo hakuna aliyesema: kushuka. Mteremko wa Irangi una changarawe za mawe meupe, juu yake zulia la majani makavu ya Agosti. Huoni changarawe, unakanyaga jani, mguu unaondoka. Shuka ukiwa umegeuka upande, hatua fupi, kisigino kianze, fimbo iwe upande wa bondeni na iwe imerefushwa kidogo kuliko ya kupandia. Msifuatane kwenye mstari mmoja wa wima, jiwe la wa juu linamfuata wa chini. Na mkisikia mlio kama risasi ndogo msilale chini, ni ganda la miombo linapasuka kwa ukavu na kurusha mbegu.

#29 Nahodha Bara
Kwa hiyo mti wenyewe unatushambulia 😅

#30 Kipara cha Mlima
Nimenakili yote. Sasa ticha, hujajibu kwa nini NYEKUNDU. Uchipuke mapema, sawa, lakini si uchipuke kijani kama mwembe?

#31 Digrii Sita Kusini
Mwembe? Angalia tena machipukizi ya mwembe, mkuu.

#32 Kipara cha Mlima
...Mekundu. Duh. Kahawia nyekundu.

#33 Ticha wa Mimea
Hapa wataalamu wenyewe hawajakaa meza moja. Maelezo ya kwanza ni mwavuli wa jua. Jani changa halijakamilisha mitambo yake, jua la Septemba ni kali, na mwanga usiotumika unaharibu chembe, hivyo anthosianini inameza sehemu ya mwanga. Naliamini hili kuliko mengine, kwa sababu machipukizi yaliyo kivulini mara nyingi yamefifia.

#34 Mkulima wa Zabibu
Siyo wadudu? Jani changa ni laini, ni chakula. Mdudu anayetafuta kijani haoni kitu, na likiwa halijajazwa klorofili na nitrojeni, hata akilila halina lishe. Mti hauweki mali dirishani kabla ya kufunga mlango.

#35 Ticha wa Mimea
Inawezekana, na majani hayo yana tanini pia, ule ukakasi. Lakini viwavi wa miombo wanakuja kwa wingi mvua zikianza. Septemba mlango unafungwa dhidi ya nani?

#36 Mkulima wa Zabibu
Ndiyo faida yenyewe! Jani limekomaa kabla mwizi hajafika.

#37 Digrii Sita Kusini
Hapo umeeleza kuwahi, hujaeleza wekundu. Kama hakuna mwizi, rangi ya kumficha ya nini?

#38 Mtu wa Uyoga
Mnasahau walio chini ya ardhi. Mizizi ya hawa miombo inaishi na kuvu, ndio hao hao wanaotoa uyoga mwezi wa kwanza. Udongo ule ni maskini. Ukiwa na njaa ya fosforasi mmea hutengeneza anthosianini, muulizeni yeyote aliyeona mahindi machanga yenye majani ya zambarau. Labda machipukizi yanatoka na njaa, kuvu wakiamka na mvua yanashiba.

#39 Ticha wa Mimea
Hoja nzuri, ila inavunjika kwenye kalenda: majani yanageuka kijani Oktoba, kuvu bado wamelala kwenye vumbi.

#40 Mtu wa Uyoga
Kuvu waliofuata mizizi chini kwenye unyevu wako wa #10 nani kakwambia wamelala?

#41 Ticha wa Mimea
Hilo sina jibu lake leo. 🙌 Ila kitu kimoja mnaweza kukipima wenyewe. Okota majani mekundu 10 yaliyoangushwa na upepo, usivunje tawi. Twanga, mimina nusu kikombe cha maji ya vuguvugu, chuja kwa kitambaa, gawa kwenye glasi tatu. Moja iache. Ya pili kamulia ndimu, itakuwa nyekundu ya kuwaka. Ya tatu tia chembe ya magadi, itaelekea bluu au kijani cha matope. Hiyo ni anthosianini.

#42 Lenzi Moja
Swali kwa wazee wa Kondoa: picha za zamani zinaonyesha milima hiyo ikiwa makorongo matupu. Hii miti ilitoka wapi?

#43 Binti Bereko
Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973. Walichimba makinga maji, wakapanda miti, lakini mmomonyoko uliendelea. 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Baada ya hapo visiki vya miombo vikaanza kuchipua vyenyewe, maana mizizi ilikuwa hai.

#44 Mchungaji wa Mawe
Ongeza na upande wa pili, dada. Ng'ombe waliondoka na wenyewe wakabaki bila maziwa wala samadi, au wakahama nao. Milima ilipona, mifuko ya watu ni habari nyingine.

#45 Binti Bereko
Kweli. Na mjadala wake ungehitaji uzi wake.

#46 Bi. Kamusi
Ufungueni. Ila humo msije mkaandika "vuli".

#47 Kipara cha Mlima
Tumeamua Kolo Jumamosi, tunalala Kondoa, Bereko Jumapili asubuhi kwa ajili ya mwanga wa Lenzi Moja. Watu sita, lita 24 kwa siku. Hiyo ni ndoo moja na ushee, nani anaibeba?

#48 Goti la Kushoto
Kila mtu zake. Na lita mbili kati ya hizo zibaki kwa ajili ya kushuka.

#49 Nahodha Bara
Mwenye jinzi ya bluu abebe na za wenzake, mbung'o wamjue.

#50 Mtu wa Uyoga
Kipara, mkifika chimbueni kidogo chini ya microphylla, kina cha kiganja, halafu piga picha ya ncha za mizizi. Zikiwa nene na nyeupe kama zimevikwa soksi, ticha ana deni langu.